Giaboksi Hujifunza Mguu

Teksi ya Tak Gilsu ilirudi gereji kwa Seok Beomjin wiki ileile iliyotoka, na wote waliokaa kwenye benchi karibu na jiko la makaa waliiona ikiingia. Hilo ndilo lililomuuma Gilsu kuliko ubovu wenyewe. Gari likirudi kwa fundi upesi hivyo, ama fundi amelipua kazi, ama mwenye gari hajui kuendesha. Na katika mji wetu wa Taebaek, ambao migodi yake ilifungwa na wenye akili wakahama, sisi tuliobaki hatuna shughuli kubwa kuliko kuamua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Imekuwaje tena, kaka?" Beomjin aliuliza, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe.

"Inapiga teke," Gilsu alisema. "Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, teke. Halafu nikishika mwendo wa sitini kwenye barabara nyoofu, inatetemeka. Kiti kizima. Jana abiria kaniuliza kama tunapita juu ya reli."

"Labda abiria ndiye alikuwa anatetemeka kwa kuona umri wa dereva," alisema Dohwan kutoka kwenye benchi.

Watu wakacheka. Dohwan naye alikuwa dereva wa teksi, mdogo kwa Gilsu, na mdomo wake ulijulikana kuanzia stendi ya mabasi hadi sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na muda mwingi na abiria wachache, kama sisi wote.

Beomjin hakucheka. Giaboksi ile ya otomatiki aliifumua mwenyewe, akatandaza vyuma vyake mezani, akabadilisha klachi zilizoungua na mipira iliyokauka, akaiunda upya na kuipandisha kwenye gari kwa mikono yake. Aliingia kwenye teksi peke yake, akazunguka hadi stesheni na kurudi.

"Kaka, mimi mtetemo siusikii. Teke dogo lipo, silikatai. Lakini giaboksi iliyoundwa upya ni kama mtoto mchanga, haijui kitu. Hizi za siku hizi zina kompyuta. Inajifunza mguu wa dereva, unakanyagaje, unaachiaje, kisha inabadili gia kwa kukufuata wewe. Sasa endesha mwenyewe, usimpe mtu usukani. Ikishakujua, itatulia."

"Na isipotulia?"

"Itatulia, kaka. Mguu wako una miaka zaidi ya thelathini barabarani. Itakosaje mwalimu?"

Gilsu aliyapenda maneno hayo. Alitoka gereji akiwa ameinua kichwa, akaliendesha gari lake kwa uangalifu wa mtu anayefundisha.

.

Nyumbani, mkewe Bunrye alikuwa amepika wali wenye majani makavu ya mlimani na supu ya maharage yaliyochachuka. Ilikuwa siku ya ngapi sijui wanakula chakula cha kijiko.

"Tangu lini hatujala jeli ya mwaloni?" Gilsu aliuliza.

Anaipenda jeli hiyo kuliko nyama. Bunrye huwa anaokota mbegu za mwaloni mwenyewe nyuma ya shule, anazisaga, anazichuja, anaipika mpaka inaganda na kuteleza. Kuinyanyua kwa vijiti vya kulia chakula kunataka mkono uliotulia. Ukiyumba kidogo tu, inakatika na kurudi sahanini, na mezani wote wanaona.

"Mwaka huu mialoni haikuzaa, Baba Geumju."

Ulikuwa uongo mtupu. Mialoni ilizaa mpaka watoto wakateleza juu ya mbegu zake njiani kwenda shule. Gilsu alikuwa amewaona, na alijua, lakini hakutaka kubishana. Akainamisha uso kwenye supu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka majira ya kutia kabichi pilipili, kabla ya theluji ya kwanza. Siku moja alikuwa anamrudishia abiria chenji, sarafu zikamwagika mpaka chini ya viti. Safari iliyofuata alikishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akamkabidhi abiria chenji hivyo. Abiria, kijana wa chuo, akainama mpaka kichwa kikagonga kiti cha mbele. Alidhani mzee anampa kwa mikono miwili kwa heshima. Basi Gilsu akapata maficho. Kuanzia hapo kila kitu alikitoa na kukipokea kwa mikono miwili, na abiria wakaanza kumwita kwa simu wakisema wanamtaka yule dereva mwenye adabu.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba mkono hauendeshi gari. Ukishashika usukani unatulia. Gari linaendeshwa kwa macho na miguu, na macho na miguu anayo. Teksi ile ilikuwa yake mwenyewe, yenye namba yake mwenyewe, aliyoihangaikia tangu alipotoka mgodini, na bila hiyo hakujua angeamka asubuhi aende wapi. Wanaume wa mji huu wasio na pa kwenda anawafahamu. Wanakaa sebuleni wakitazama runinga iliyozimwa sauti.

Bunrye alikuwa ameuona mkono ule tangu siku ya kwanza. Naye hakusema. Aliacha kupika jeli, akaacha karanga, akaacha samaki wenye miiba, akatengeneza vyakula vya kijiko na kusingizia meno yake. Nyumba yao ina vyumba viwili na ukuta mwembamba, na ndani yake watu wawili walikuwa wakifichana siri moja, kila mmoja peke yake. Binti yao Geumju, anayeishi Suwon, akipiga simu, kila mmoja alimwambia kwamba mwenzake ni mzima.

"Gari limepona?" Bunrye aliuliza akiondoa vyombo.

"Inajifunza."

"Nani?"

"Giaboksi. Inajifunza mguu wangu."

Bunrye alisimama na bakuli mkononi. "Mngeifanyia ibada," alisema. "Gari lilipokuwa jipya tulilifanyia. Sasa mmelitia matumbo mapya, hata tone la pombe hamkulimwagia."

"Giaboksi siyo gari, Mama Geumju. Nikimwagia pombe kila kipuri nitakuwa mlevi wa kijiji."

Asubuhi, mumewe akiwa bado bafuni, Bunrye alitoka na chupa ya pombe ya mchele. Akamwagia kila gurudumu kidogo, akainama mara mbili kwenye barafu huku ameshikilia kiuno, kisha akafungua boneti na kumfunga humo samaki mkavu wa kufukuza mikosi, mwenye macho makavu, amezungushiwa uzi mweupe. Aliomba gari litulie. Akili yake ilikuwa kwenye mkono wa mumewe, lakini mdomo ulisema gari.

.

Giaboksi haikutulia. Kadiri Gilsu alivyoendesha ndivyo mateke yalivyozidi, na mtetemo ukaanza mapema zaidi. Abiria mmoja, mama aliyekuwa anakwenda kliniki, alishuka kabla ya kufika akasema atatembea, kichefuchefu kimemshika. Gilsu akampa chenji kwa mikono miwili, mama akainama, na hakupiga simu tena.

Akarudi gereji. Benchi lilikuwa limejaa.

Safari hii Beomjin alikaa kiti cha abiria, Gilsu akaendesha. Kwenye ile barabara ya kando ya mto, mtetemo ukaja, na Beomjin akausikia matakoni kabisa. Mtetemo una wazazi watatu tu, ama magurudumu, ama injini, ama giaboksi. "Weka huru, kaka, acha litembee." Gilsu akatoa gia, gari likateleza lenyewe kwa mwendo uleule, na mtetemo ukakatika. Magurudumu hayana kosa. Walipofika gereji wakapandisha injini gari likiwa limesimama, kimya. Injini haina kosa. Ikabaki giaboksi yake yeye Beomjin, na hasa ile klachi ya ndani kabisa inayojifunga mwendo ukishatulia na kujifungua dereva akibadili mguu. Kisha akaendesha yeye, na gari likatulia, kama mtoto mtundu aliyemwona mwalimu. Kila fundi anaujua uchokozi huo wa magari, kwa hiyo hakuutilia maanani.

Akafungua boneti kupima oili, akaduwaa.

"Kaka, huyu nani?"

Samaki alikuwa anawatazama.

"Nilisema mimi!" Dohwan alipiga makofi. "Mchawi kapatikana! Anayepiga mateke ni samaki!"

Benchi zima likalipuka. Mmoja akasema samaki huyo anatafuta bahari, mwingine akasema apelekwe kwenye supu kabla hajaua mtu. Gilsu alitabasamu na wenzake, lakini masikio yalikuwa mekundu. Alijua ni nani aliyemfunga, na uzi ulikuwa umefungwa kwa fundo lilelile ambalo Bunrye hufungia mafungu yake ya majani makavu. Akamfungua polepole, akamweka kwenye dashibodi badala ya kumtupa.

"Twende tukale," akamwambia Beomjin. "Mimi na wewe tu."

.

Kwenye kibanda cha supu ya mbuzi cha mama Hyeon hakukuwa na mteja mwingine ila mzee mmoja aliyelala. Waliketi sakafuni, meza katikati, na mama Hyeon akaleta birika la pombe ya mchele.

Kwetu, mkubwa anapomimina humimina kwa mkono mmoja, na mdogo hupokea kwa miwili. Mikono miwili ya mkubwa kwa mdogo haipo, labda mkubwa awe na shida ya kumvunja shingo na mdogo ndiye mwenye kumuokoa. Hata mtoto wa miaka mitano anayajua hayo.

Gilsu alinyanyua birika kwa mkono wa kulia, akaushika mkono huo chini ya kiwiko kwa mkono wa kushoto, akammiminia Beomjin.

Beomjin alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akapiga magoti, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akainama mpaka paji likakaribia meza. "Kaka, unanifanyia nini? Kaka! Mimi mdogo wako!"

"Kunywa."

"Usinifanyie hivi. Watu wataona."

"Nani aone? Yule amelala. Kunywa, Beomjin."

Beomjin alikunywa. Mbele yake alikuwa mtu aliyembeba bure miaka ile alipokuwa hana kitu, mtu ambaye hata mgodini alikuwa hamsujudii msimamizi. Leo mtu huyo anamnyenyekea mdogo wake kwa ajili ya giaboksi. Kwa ajili ya kazi mbovu ya Beomjin. Machozi yalimlengalenga, na ili yasionekane akajitia kukohoa.

Gilsu alimwona anavyokohoa, akaelewa mwenzake amedhani nini. Angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kuonekana ombaomba kulikuwa afadhali kuliko kuonekana mgonjwa. Ombaomba hanyang'anywi usukani. Akammiminia tena, kwa mikono miwili.

"Kaka, sikiliza," Beomjin alisema. "Naifungua upya. Yote. Sitaki hela yako. Kama nimekosea hata kijipete kimoja, nitakiona."

Alifunga gereji kwa wateja wengine. Aliishusha giaboksi peke yake, akaifumua, akaosha kila chuma, akakinyanyua kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona kosa. Klachi zilikuwa nzima, mipira mizima, oili safi kama chai. Alitamani kuona kosa. Mtu akitafuta ubovu wake mwenyewe kwa bidii namna ile asiuone, anaanza kuyashuku macho yake. Nje tayari walikuwa wanasema giaboksi za Beomjin zinatetemeka, na wawili waliokuwa wamepanga kuleta magari yao waliyapeleka kwa mafundi wa Wonju. Akakaa kwenye kigoda katikati ya vyuma vile visivyo na kosa, mikono magotini, na hakuwa na wa kumuuliza.

Gilsu siku hizo alikaa nyumbani. Aliwasha runinga. Bunrye alipopita na kuona sauti imezimwa, alisimama nyuma yake kidogo, halafu akaenda kuosha kabichi iliyokuwa imeshaoshwa.

.

Giaboksi iliporudi kwenye gari, Beomjin aliunganisha mashine yake ya kupimia, akaifuta kumbukumbu yote iliyokuwemo. "Sasa haijui mtu," alisema. "Wewe, mimi, wote wageni kwake. Twende mlimani."

Alianza kuendesha yeye. Barabara ya kupanda ilikuwa nyeupe pembeni na kavu katikati. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, gia ziliingia bila mtu kujua. Gilsu, kiti cha nyuma kama abiria, alisikiliza kwa mwili wote na hakusikia kitu, na moyo wake ukapanda.

"Umeipata, Beomjin! Umeipata!"

"Bado. Shika wewe."

Wakabadilishana. Beomjin akakaa mbele, mashine mapajani, waya wake umeingia chini ya usukani. Gilsu akaondoka taratibu. Ilikuwa laini, laini, akaanza hata kupiga mluzi. Wakafika kwenye kipande kilichonyooka, mwendo ukatulia kwenye sitini, na mtetemo ukaja.

"Hiyo! Umeisikia?"

"Nimeisikia."

Beomjin alikuwa anatazama kioo cha mashine. Kulikuwa na mstari wa mwendo na mstari wa pedali ya mafuta. Alipoendesha yeye, mstari wa pedali ulikuwa umelala. Sasa ulikuwa na meno, madogo, ya kulingana, jino baada ya jino bila kupumzika. Na chini yake alama ya ile klachi ya ndani ilikuwa inafunga, inafungua, inafunga, inafungua, kwa sababu kila jino liliiambia dereva kabadili nia. Alidhani waya umelegea. Akausukuma. Meno yakabaki palepale.

Akateremsha macho kwenye kiatu cha Gilsu.

Hapo kibanda cha mama Hyeon kikamrudia kichwani, birika, kiwiko, na ile mikono miwili. Joto likampanda usoni kwa aibu ya yote aliyokuwa ameyafikiria.

"Kaka, tusimame pale."

Palikuwa mahali ambapo wakati wa majani mekundu watalii husimama kupiga picha. Sasa hapakuwa na mtu. Gilsu akaegesha.

"Ni nini? Sema. Shafti?"

"Siyo shafti."

"Kompyuta yake?"

Beomjin alikuwa na uongo tayari mdomoni. Angesema kuna kipuri kinaagizwa Seoul, kinachelewa, na nani angemlaumu? Lakini mlima ule una kona, na kwenye viti vya nyuma hukaa kina mama wanaokwenda kliniki. Akaigeuza mashine ili Gilsu aone.

"Zima injini, kaka, acha umeme tu. Kanyaga pedali kidogo, halafu ishikilie hapohapo, usiisogeze."

Gilsu akakanyaga. Gari lilikuwa limesimama, injini kimya, mlima kimya. Mstari ukaota meno.

"Mashine yako mbovu."

"Kanyaga tena."

Akakanyaga kwa nguvu zaidi; mstari ukapanda na kutetemeka huko juu. Akautoa mguu, akausugua gotini, akaurudisha. Meno yaleyale. Alikitazama kiatu chake. Kisha, bila kuambiwa, akauvuta mguu wa kulia pembeni, akapeleka wa kushoto juu ya pedali.

Mstari ukanyooka kama uzi.

Aliushikilia hivyo. Hakutaka kuuachia. Theluji iliporomoka kutoka kwenye tawi mahali fulani, ikanyamaza.

"Giaboksi haina kosa," alisema.

"Haina, kaka."

"Ilikuwa inanijifunza."

"Ilijifunza vizuri. Kila ulivyotetemeka, ilikufuata."

Gilsu akatikisa kichwa. "Nilidhani ni mkono tu." Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu, na yalikuwa mepesi kuliko alivyotegemea, na hilo lilimhuzunisha zaidi.

"Siku ile, kwenye supu," Beomjin alianza. "Nilidhani..."

"Ulidhani nakubembeleza."

"Nilidhani unanibembeleza."

"Nikubembeleze wewe? Wewe niliyekubeba umelewa ukanitapikia kiti cha nyuma?" Gilsu alicheka, na Beomjin akacheka pia, kisha wote wawili wakatazama mbele kwenye kioo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama.

Halafu Gilsu akachomoa ufunguo, akampa Beomjin kwa mkono mmoja, wa kulia. Ufunguo ulilia njia nzima mpaka ukafika kiganjani kwa mwenzake.

Alizunguka gari, akakaa kiti cha abiria cha teksi yake mwenyewe, ambacho hakuwahi kukikalia tangu alinunue. Waliteremka mlima. Gia ziliingia moja baada ya nyingine, laini, bila teke, bila mtetemo. Gari lilitulia kama halijawahi kumjua.

.

Benchi lilikuwa linawangoja.

"Vipi?" Dohwan aliuliza. "Fundi kakubali kosa au bado tunamsaka samaki?"

Beomjin akafunga mlango wa gari. "Nimekubali. Kosa lilikuwa langu, nimelirekebisha."

Gilsu alikuwa ameshaanza kuelekea barabarani. Angeweza kuendelea kutembea. Beomjin alikuwa amempa mlango wa kutokea, na kupita ni kazi ya hatua chache tu. Akageuka.

"Msimsikilize. Giaboksi yake ni nzima kuliko ninyi wote hapo. Mguu wangu ndio mbovu. Na mkono." Akaunyoosha mkono wa kulia hewani, bila kuushika, ili waone. "Msiseme tena giaboksi za Beomjin zinatetemeka."

Mkono ulitetemeka mbele yao. Hakuna aliyecheka. Dohwan alisimama, akampisha njia. Gilsu akamchukua samaki kutoka kwenye dashibodi, akamweka kwapani, akaenda nyumbani kwa miguu.

.

Bunrye alimsikia mumewe njiani, na theluji chini ya viatu vyake, lakini hakusikia gari. Akatoka mlangoni. Akamwona na samaki kwapani.

"Limeharibika tena?"

"Gari ni zima kabisa." Alivua viatu, akachelewa kwenye kamba, Bunrye akasogea kumsaidia, kisha akajizuia, kisha akamsaidia. "Kuanzia lini umejua?"

Bunrye aliendelea kufungua kamba. "Tangu kabichi."

"Miezi yote hiyo?"

"Na wewe?"

"Tangu kabichi."

Alikaa palepale kizingitini, akipumua kwa nguvu. Alitaka kumkasirikia na hakuona pa kuanzia. "Mialoni ilizaa, Mama Geumju. Niliiona."

"Ilizaa sana," Bunrye alisema, na sauti ikamkatika. "Ninao unga wake gunia zima huko nyuma."

Wakati wa chakula simu ya kazini ikalia. Sauti ya mwanamke ikasema anamtaka yule dereva mwenye adabu, anayetoa kwa mikono miwili, ampeleke stesheni kesho asubuhi. Bunrye aliacha kutafuna. Gilsu alisikiliza mpaka mwisho.

"Samahani, mama. Huyo ameacha kazi. Nakupa namba ya mwingine, anaitwa Dohwan. Anaongea sana, lakini mguu wake umetulia." Akaitaja namba, akairudia taratibu mpaka mama akaipata, akakata simu na kuilaza kifudifudi.

Kulikuwa na pombe ya mchele iliyobaki kwenye ile chupa ambayo Bunrye alimwagia magurudumu. Gilsu akaivuta. Mkono wa kushoto ukainuka wenyewe, kwa mazoea, kwenda kuushika wa kulia. Akauangalia. Akaurudisha gotini, ukakaa huko.

"Lete kikombe."

Bunrye akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, kama mke anavyompokea mume. Gilsu akamimina kwa mkono mmoja. Chupa ikayumba, pombe ikaruka pembeni, juu ya meza, juu ya vidole vya Bunrye. Bunrye hakurudi nyuma. Alisogeza kikombe kushoto chupa ilipokwenda kushoto, akakirudisha kulia ilipokwenda kulia, akiufuata mkono wa mumewe bila kuupita, mpaka kikombe kikajaa.